Ndoto ya Fundi, Mbuzi wa Mkewe

Watu wa mjini walipanda na kushuka katika majengo yao marefu wakitazama simu, wala hawakujua kwamba juu ya vichwa vyao, katika chumba kidogo chenye mota na harufu ya grisi, kulikuwa na mtu anayesikiliza kamba za chuma jinsi mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Mtu huyo aliitwa Fundi, Fundi wa lifti, na hata mkwe wake alikuwa amesahau jina lake jingine. Kazi aliijua. Ila mikono ikiwa kwenye waya, akili yake ilikuwa shambani.

Shamba lenyewe hakuwa nalo. Alikuwa na vyumba viwili ghorofa ya nne, mke, mabinti mapacha, na kibaraza chenye upana wa godoro. Hapo kibarazani alipanda mchicha na nyanya ndani ya madumu yaliyokatwa. Mchicha ulitoka mwembamba na wa njano kama mgonjwa aliyeruhusiwa mapema. Nyanya zilitoa maua, zikayapukutisha, zikakaa hivyo. Jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye maji ya kumwagilia yalimdondokea kwenye nguo alizoanika, alikuwa akimuuliza ngazini wataalikwa lini kwenye mavuno. Fundi alicheka naye. Alikuwa na hakika kwamba ubaya ni wa udongo wa mjini.

Jioni alikaa mezani na rula akachora. Hapa matuta ya nyanya, hapa kisima, hapa miti ya matunda, hapa banda la kuku. Mapacha waliketi ubavuni wakapaka rangi. Mkewe alikuwa akinyoosha sare za shule, naye kila alipoonyeshwa mchoro aliitikia "Mm," akageuza sketi upande wa pili.

Huyu mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alifanya kazi kwa dobi mkubwa wa maofisini. Kutwa alisimama katikati ya mvuke na dawa za kutoa madoa, akipitisha pasi kwenye mashati ya watu asiowajua. Alikuwa na jicho. Akiona doa kwenye ukosi hakukimbilia chupa ya dawa. Alilitazama kwanza, akaligusa, akajua limetokana na nini. Wateja walimpenda na dawa zikamla kifua. Alianza kukohoa asubuhi, kisha asubuhi na jioni, mpaka daktari akamwambia achague kazi au mapafu.

Fundi alimhurumia mkewe kwa dhati, lakini ndani ya huruma hiyo mlikuwa na mlango, naye akaupitia. Alimwambia hewa ya mashamba itamponya. Akamwambia mapacha watakua wakijua maziwa hayatoki kwenye pakiti. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini tusije tukalaumiana. Jembe ni lako. Mimi sikuzaliwa na ugomvi na ardhi."

Wakahama.

Walipata kijishamba cha mteremko kutoka kwa wazee wawili waliokuwa wakihamia kwa mtoto wao. Kilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, kisima, miti michache iliyochoka, na mbuzi jike mmoja. Mbuzi huyo alikuwa kiwete, hapandi gari wala hatembei safari, na wazee walisema wamfanye watakavyo, kwani hata kuzaa alikwisha acha. Alikuwa wa rangi ya kahawia, masikio marefu, na alimtazama kila mtu kama vile hajasalimiwa. Mapacha wakamwita Shangazi.

Siku ya kwanza Fundi alitundika mchoro wake ukutani, akavaa buti mpya, akashuka kuchimba. Mchoro ulisema nyanya zikae chini karibu na barabara, akazipanda huko kwa kamba na rula, mistari imenyooka mtu angedhani imechorwa kwa mashine. Wapita njia walisimama kuisifu. Kisha mvua ikaja, maji ya mteremko mzima yakatafuta pa kulala, yakalala kwenye nyanya. Majani yakapata madoa meusi. Fundi alipulizia dawa hii na ile, akasoma, akauliza, akapulizia tena. Nyanya zikaoza zikiwa zimesimama wima kwenye mistari yake mizuri.

Mama Pacha wakati huo hakuwa akifanya lolote. Hivyo ndivyo Fundi alivyoona, na ndivyo yeye mwenyewe angekwambia. Alikuwa akipumzisha kifua. Ila mtu aliyezoea kusimama kutwa hajui kukaa, kwa hiyo alizoea kwenda kumtazama Shangazi. Alimgusa mguu mbovu akasikia joto mahali fulani, akamkalisha, akatoa kipande cha mwiba kilichokuwa kimezama siku nyingi. Alimkanda kwa maji ya moto. Alimsemesha kama alivyowasemesha wateja wake: pole, tutaona, rudi kesho. Mguu ukapona. Baada ya muda akasema kwamba tumbo la huyu mbuzi halimpendezi, lina kitu. Fundi akasema ni gesi. Shangazi akazaa wawili, wote majike.

Fundi alifurahi. Ni haki isemwe kwamba alifurahi, alibeba kila mmoja kwapani akawapigia simu rafiki zake mjini. Lakini kulikuwa na jambo dogo kando. Nyuma ya banda, mahali ambapo Mama Pacha alimwaga maji ya jikoni, mbegu za boga zilizotupwa zilikuwa zimeota zenyewe. Hakuna aliyezipanda wala kuzipalilia. Zilitambaa juu ya samadi, zikapanda ukuta, zikaning'iniza maboga makubwa ambayo mapacha hawakuweza kuyabeba. Fundi alikuwa akitoka bondeni na debe tupu la kumwagilia, amelowa jasho, akayaona. Alisimama akayatazama kwa muda. Mkewe alipomwambia "Umeona maajabu?" akajibu kwamba maboga huota popote, hata kaburini.

Hapo ndipo donge lilipoanza, naye wala hakujua kuwa ni donge. Alidhani ni uchovu.

Miaka miwili ilipita. Kifua cha Mama Pacha kilipona, na banda lilijaa. Mbuzi mmoja alizaa, mwingine akanunuliwa kwa maziwa ya wenzake, na wote kwa namna ya ajabu walikuwa na adabu kwake. Akiingia walimpisha. Akikaa kwenye kigoda na ndoo, Shangazi alijipanga mwenyewe mbele yake kama mama mkubwa anayekuja kukatwa kucha. Watu walianza kupanda mteremko na vyombo. Wengine walikuja kununua maziwa, wengine kuuliza habari za mbuzi wao wasiokula. Wakimkuta Fundi langoni, na buti zake na jembe lake, walimwamkia vizuri kisha macho yakampita, yakatafuta nyuma yake.

"Mama Pacha yupo?"

Alikuwa amepaka kibao, alikipaka tangu wakiwa mjini, kikisema Shamba la Fundi. Alikipigilia mwenyewe, njia panda, kwa misumari minne. Waendesha pikipiki walishusha abiria chini ya kibao hichohicho wakiwaambia, "Haya, kwa Mama Pacha ndiyo hapa."

Mwanamume huyu hakuwa mbaya, na ndiyo sababu habari yake inasimuliwa. Hakumpiga mkewe, hakumnyima, hakulewa. Alikuwa analia ngoa tu, tena ngoa ya aibu, kwa maana mtu akimwonea wivu jirani anaweza kuhama, na akimwonea wivu ndugu anaweza kutomtembelea. Yeye alikuwa akilala kitanda kimoja na anayemwonea wivu, akila chakula alichopika. Akisifiwa mkewe, Fundi alitabasamu na kuongeza kitu kidogo. Ni kweli, lakini wazo lilikuwa langu. Ni kweli, lakini miezi ya kiangazi huwa anahangaika. Kila siku "ni kweli, lakini." Usiku alijilaumu, na asubuhi akiamka alimsikia mkewe bandani akicheka na mbuzi, na roho ikamuuma upya. Ndoto ilikuwa yake. Aliibeba miaka yote ile kwenye mashimo ya lifti, gizani, kama mtu anayebeba yai. Na huyu aliyekuwa akiitikia "Mm" ndiye ambaye ardhi ilimchagua.

Siku moja chama cha wafugaji kilileta wageni kuja kujifunza. Fundi alijua mapema. Alivaa shati jeupe, akafagia njia, akasimama mbele ya banda tayari kuzungumza, na kweli alizungumza. Aliwaeleza asili ya shamba, mpango wake, ugumu wa mwanzo. Wageni walisikiliza kwa heshima. Mwanamke mmoja akauliza mbuzi akikaribia kuzaa wanampunguzia nini kwenye chakula. Mama Pacha alikuwa akija na maji. Fundi akawahi kujibu, akajibu vibaya. Mama Pacha hakumsahihisha mbele za watu. Alimpa mgeni maji tu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukimaliza kunywa, twende nikuonyeshe." Wageni wote wakamfuata ndani. Fundi akabaki nje na shati lake jeupe.

Kesho yake aliamka kabla ya jogoo, akachukua ndoo.

Alitaka jambo dogo. Alitaka mkewe aingie bandani akute kazi imekwisha, maziwa yamejaa, povu juu, na mumewe amekaa kwenye kigoda kana kwamba amezaliwa juu yake. Hakunawa mikono vizuri. Jana yake, wageni walipoondoka, alikuwa ametengeneza pampu ya kisima, na kucha zilikuwa zimekatika. Akakaa kando ya Shangazi. Shangazi aligeuka akamtazama kwa jicho lile lake la kutosalimiwa. Fundi akavuta. Maziwa hayakuja. Akavuta tena. Mbuzi akapiga teke, ndoo ikabingirika. Basi akamfunga mguu kwenye nguzo, akaminya kwa hasira, kwa nguvu za mtu aliyezoea spana, mpaka yakatoka ya kujaza kikombe, na mbuzi akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akamfungua. Maziwa akayamwaga. Mama Pacha alipoamka, mumewe alikuwa bondeni akilima, tena kwa bidii.

Haikupita muda kiwele cha Shangazi kikavimba upande mmoja, kikawa kigumu na cha moto, na maziwa yakatoka na mabonge. Mama Pacha alihangaika. Alimwaga pumba zote akidhani zimeoza. Alichemsha ndoo na vitambaa. Alirudia kichwani kila alichokifanya wiki hiyo akitafuta alipokosea. Wakati wa chakula aliisogeza sahani kando.

"Nimezembea," alisema. "Nimevikwa kilemba cha ukoka na watu hawa wanaokuja, nikajiona najua. Mnyama namuua kwa mikono yangu."

Mapacha walimtazama baba yao, kwa sababu mama yao hakuwa na kawaida ya kusema hivyo. Fundi alikuwa anatafuna.

"Usijali," akamwambia. "Hata mafundi hukosea."

Na alipoyasema hayo alisikia raha. Haikuwa raha kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekuna mahali palipomwasha muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu wahame, yeye ndiye aliyekuwa anafariji. Kisha mkewe akajipangusa macho kwa mkono, na raha ile ikageuka uchungu mdomoni, lakini hakufungua mdomo kuutema.

Wakamwita bwana mifugo. Huyu alikuwa kijana mcheshi aliyezunguka vijiji kwa pikipiki, akimwita Mama Pacha dada na Fundi mzee. Alipiga magoti, akakisafisha kiwele, akakitazama kwa tochi. Akaacha kucheka.

"Dada, huyu hakuugua hivihivi. Ameumizwa kwa mkono. Kuna michubuko ya kucha. Nani mwingine anakama hapa?"

"Hakuna mwingine," alisema Mama Pacha.

Akanyanyua uso, akaitazama mikono ya mumewe. Aliitazama vilevile alivyokuwa akiutazama ukosi wa shati kule kwa dobi, bila haraka, kabla ya kuamua dawa. Fundi akaiingiza mfukoni.

Bwana mifugo alidunga sindano, akaagiza dawa, akaenda zake. Jua lilikuwa linashuka. Mama Pacha alikaa kisimani akifua vitambaa vya banda, na Fundi, ambaye alijua mvua inakuja, akaona heri atangulie yeye kunguruma. Alisema yule kijana anakuja mno hapa. Alisema siku hizi watu wakisikia pikipiki wanacheka kabla haijafika. Alisema yeye si kipofu, na dada, dada hizo anazielewa.

Mama Pacha alikamua kitambaa, akakikung'uta.

"Ungekuwa unamwonea wivu yule kijana ningejua la kufanya," alisema. "Ningemwambia asije, nawe ungetulia. Lakini unayemwonea wivu ni mimi."

"Mimi? Nikuonee wivu wewe, mke wangu?"

"Ndiyo, Baba Pacha. Na mimi siwezi kujiambia nisije."

Akabeba beseni akaingia ndani. Fundi alibaki hapo akijifanya hamnazo, lakini kwa nani? Kisima hakikumtazama.

Siku chache baadaye simu ikaja kutoka mjini. Mwenzake wa zamani, waliyemwita Spana, alisema kuna lifti kuukuu imekwama katika jengo fulani na vijana wa siku hizi hawaijui. Fundi akafunga begi. Begi lilikuwa kubwa kuliko kazi, na Mama Pacha aliliona, asiulize. Mapacha ndio waliouliza atarudi lini. Akawajibu kazi ikiisha.

Lifti ile ilimkumbuka. Aliingia shimoni akasikiliza, akajua ni roda ya tatu, gurudumu linalopitisha kamba, akaibadilisha, na jengo zima likaanza kupanda na kushuka. Watu wakampigia makofi. Mkubwa wa kazi akamshika bega akamwambia nafasi yake bado ipo, akiitaka. Ilikuwa siku nyingi hajasikia jina lake likitajwa na mtu asiyeangalia nyuma yake. Akamwambia atafikiri, na moyoni alikwisha kufikiri.

Mchana Spana alimkaribisha kwake kula. Mke wa Spana alipakua, wakakaa. Spana akaanza kuuliza habari za shamba, na Fundi akagundua kitu cha ajabu. Kila swali lilikuja na mwiba wake.

"Ni raha, najua," alisema Spana, "lakini barabara huko si tope tupu? Na watoto, shule za huko zinafaa kweli? Maziwa ya mbuzi nasikia yananuka beberu." Akacheka, akamtazama mkewe. "Wewe ulibahatika. Huyu wangu hata ua la plastiki lingemfia."

Mke wa Spana akainama kwenye sahani yake.

Fundi aliifahamu sauti ile. Ilikuwa "ni kweli, lakini" yake mwenyewe, imevaa suruali ya mtu mwingine. Na kabla hajajua atakachosema, alijisikia anasema. Alisema maziwa hayanuki kama mtu anajua kulitenga dume. Alisema mke wake anajua mbuzi anaumwa kabla mbuzi mwenyewe hajajua. Alieleza habari za mwiba, na za tumbo lililodhaniwa gesi, na watu wanaopanda mteremko na mbuzi wao kamba mkononi, na jinsi alivyompa yule mgeni maji badala ya kumwaibisha mumewe. Alisema mpaka chakula kikapoa. Spana alikuwa akitabasamu kwa midomo, macho yakitafuta mlango. Fundi aliutazama uso huo, akajiuliza ni mara ngapi Mama Pacha amekaa mbele ya uso wa namna hiyo, akala chakula chake kimya.

Hakwenda tena kwa mkubwa wa kazi. Alimpigia simu akiwa stendi, akaikataa nafasi.

Alimkuta mkewe bandani. Shangazi alikuwa amesimama, amepona, lakini upande mmoja wa kiwele ulikuwa umenywea kama soksi. Fundi aliweka begi chini.

"Ni mimi," alisema.

"Najua."

"Nilitaka niweze. Mara moja tu, uingie ukute nimeweza."

"Ungeniomba nikufundishe."

"Hilo ndilo lililonishinda."

Mama Pacha aliendelea kumpangusa mbuzi. Alipozungumza hakupandisha sauti. "La mbuzi nimekwisha kukusamehe kwa niaba yake, maana yeye hawezi kusema. Lakini mimi uliniona najilaumu mezani, mbele ya wanangu, ukaniambia hata mafundi hukosea. Hilo bado. Sijui litachukua muda gani. Na humu ndani usiingie mpaka nikuambie."

Fundi hakuingia. Alikata majani akayarusha juu ya uzio. Alichota maji akayaacha mlangoni. Ule mchoro aliubandua ukutani, akamuuliza mkewe nyanya azipande wapi, naye akamjibu ajitafutie, kwa kuwa hakuwa tayari kumrahisishia. Akajitafutia. Alizipeleka juu, nyuma ya nyumba, mistari ikiwa imepinda kufuata mteremko. Zilizaa wastani, si haba, si za kuita watu. Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi, wakiongea habari za chumvi na za ada ya shule, kwa heshima, kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja.

Kisha mama yake Mama Pacha akaugua, na Mama Pacha akaenda kumuuguza. Alikuwa huko bado pale mbuzi mmoja mdogo alipozaa kwa mara ya kwanza. Alizaa wawili. Mmoja alimlamba, wa pili akamsukuma kwa kichwa na kumkataa kabisa. Mapacha walikuja mbio kwa baba yao. Fundi alikimbia mpaka mlango wa banda, akasimama hapo, akapiga simu.

"Ingia," alisema Mama Pacha.

Akaingia. Mapacha walishika simu karibu na sikio lake, na sauti ya mkewe ikamwongoza. Mfute pua kwanza. Msugue kwa gunia, usimwonee huruma, msugue. Sasa nawa, nawa tena, kata kucha. Mshike mama yake. Kidole gumba na cha shahada juu ya chuchu, funga, kisha vidole vingine vishuke kimoja kimoja. Usivute. Umesikia? Maziwa hayavutwi, yanasindikizwa. Fundi alitoa jasho kuliko siku zote za shimoni. Yakaja. Yalikuwa mazito na ya njano, na kibuzi kilipoyanyonya kwenye chupa kilitikisa mkia. Fundi akamwambia mkewe kimenyonya.

"Dume au jike?"

"Jike."

"Mpe kila akilia. Usimchoke."

Hakumchoka. Alilala sebuleni karibu na boksi lake. Siku ya tatu kibuzi kilianza kumfuata. Kilimfuata kisimani, kilimfuata kwenye nyanya, kilipiga kelele nje ya choo mpaka atoke. Wateja waliokuja waliona kimenona wakasema, "Ama kweli, mkono wa Mama Pacha, hata akiwa hayupo upo." Fundi alihisi kile kitu kikimchoma palepale, mbavu za kushoto. Alidhani kimekufa, kumbe kilikuwa kimelala. Akasema ndiyo, akawapimia maziwa yao.

Mama Pacha alirudi mchana, mama yake akiwa nafuu. Kabla ya kuingia ndani alipitia bandani, akakiona kibuzi, akachukua chupa mkononi mwa mumewe. Akaita kwa ule mlio wake ambao mbuzi wote waliuitikia. Kibuzi kikamtazama, kikakimbilia nyuma ya miguu ya Fundi. Akaita tena, akachuchumaa, akanyoosha chupa. Kibuzi kilichungulia kati ya magoti, hakikutoka.

Mama Pacha akasimama.

"Naona wivu," alisema.

Alilisema hivyohivyo, kama mtu anavyosema ana kiu. Akamrudishia chupa, akaanza kuvua viatu vya safari. Fundi alimtazama. Neno hilo yeye lilikuwa limemgharimu nusu ya kiwele, safari ya mjini, na miezi ya kurusha majani juu ya uzio, na hadi leo lilikuwa halijamtoka mdomoni.

"Na mimi," alisema. "Hata leo asubuhi. Walikusifu kwa kibuzi hiki, nikaumia."

"Wako ni ugonjwa wa siku nyingi," alisema Mama Pacha. "Wangu wa leo tu, utapoa kabla sijala." Akamtazama, na uso ukalegea kidogo. "Lakini umesema."

Wangali huko mpaka sasa. Vibuzi vinavyokataliwa na mama zao ni kazi ya Fundi, na huwa havikosi; mwaka huu ana vinne vinavyomfuata mpaka dukani. Langoni watu wanamwamkia na kumuuliza kama Mama Pacha yupo. Siku nyingine swali hilo linapita, siku nyingine linamchoma, hasa nyanya zikiwa zimekataa. Linapomchoma anapanda bandani akamwambia mkewe, na mkewe humpa ndoo.